Madamu Aliyeposa Mwaka wa Tisa

Nilipaswa kukataa nikiwa bado nimesimama mlangoni kwa Direktrisi, mwalimu mkuu wa shule yetu, kabla hajanisogezea kiti. Aliniomba niende kwa Hamisi, fundi wa magari, rafiki yangu wa tangu utotoni, nikamrudishie binti yake. Neno lake lilikuwa hilo hilo, kurudisha, kama mtu anavyorudisha sufuria ya jirani. Zuhura asifanye mtihani wa taifa mwaka ule. Akae nyumbani, arudie mwaka wa tisa baadaye akiwa na nguvu zaidi. Nilikaa. Nilikunywa chai yake. Nikasema nitakwenda.

Ninaanza na hilo ili nisije nikalificha huko mbele. Watu wakinisikia nikimsifu mama yule hudhani nimesahau, na wakinisikia nikimlaumu hudhani uzee umenitia uchungu. Mimi sijui nimweke wapi. Nikimweka upande wa wema, namwona Hamisi. Nikimweka upande wa pili, namwona muuguzi wa zahanati yetu, ambaye nitamtaja hapa chini, na mkono wangu unasita.

Jina lake sitaliandika, na hata mtaani halikutumika. Watoto walimwita Madamu. Sisi wazazi tulimwita Direktrisi, akiwepo na asipokuwepo. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na viatu vya kiume vya ngozi vilivyokwisha upande wa nje kwa sababu ya mwendo wake. Aliogopa mbwa. Mwanamke aliyeweza kumnyamazisha inspekta kwa kumtazama tu, akisikia mbwa anabweka nyuma ya ua alinishika koti na kunisukuma mbele yake.

Shule yetu ni ya serikali, upande wa kaskazini, ambako mji unakwisha na mashamba ya mpunga yanaanza. Kabla hajaja, watoto walisoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, wakibanana kwenye dawati kama ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye kikapu. Mwaka wa tisa ulikuwa unaanza na darasa lililojaa na kumalizika na darasa lenye nafasi ya kulala. Wasichana walibaki nyumbani kulea wadogo zao, au waliwafuata mama zao Gatumba, mpakani, kubeba nyanya na mawese. Wavulana walichimba mchanga mtoni. Matokeo yaliposomwa komini, kwenye ofisi ya wilaya yetu, shule zilitajwa kuanzia ya kwanza, na wazazi wetu walianza kuondoka kabla msomaji hajafika mwisho. Watoto wa shule nyingine wakikutana na wetu njiani walipeleka mkono nyuma ya suruali na kuutikisa, maana yake mkia. Hata mkate wa duka la karibu na shule uliitwa mkate wa Mkia.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, cheo nilichopewa kwa sababu nilimaliza sekondari na kwa sababu nilikuwa na sauti. Kazi yangu ilikuwa ukarani wa ghala, ila mtaani nilijulikana kwa kusema kwenye posa. Kwetu, familia ya kijana haiendi kuomba binti kwa mdomo wake. Inamtafuta msemaji. Anakaa mbele, mkabala na msemaji wa familia ya binti, vinywaji vinaletwa, na hapo maneno yanazungushwa. Sisi tunaomba mbegu, wao wanasema mwaka huu ghala ni tupu. Sisi tunasema tulisikia harufu njema tukapotea njia, wao wanasema labda ni ya kwa jirani. Watu wanacheka, na wakati wanacheka jambo linakubaliwa. Sheria kubwa ni moja: msemaji akiwa anasema, hakuna anayemkata. Hata baba mwenye nyumba anajibu kupitia msemaji wake. Nimewaombea vijana wa Kikristo kwa kreti za bia nisizozigusa, na wa Kiislamu kwa kreti za Fanta, na sikumbuki kurudi mikono mitupu.

Direktrisi alinikuta kwenye sherehe kama hiyo. Alikuwa mgeni wa upande wa binti, amekaa nyuma, uso hauchezi. Nilipomaliza alinifuata nje, nikadhani anataka kunipongeza.

"Muzee, nataka unitolee posa."

Nikamuuliza ni kijana wake yupi anayetaka kuoa.

"Apana kijana. Nataka mwaka wa tisa. Wote."

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa mtu ambaye utani ulimfika kwa kuchelewa, na akiufanya mwenyewe hakuonyesha. Akanieleza. Ameita mikutano ya wazazi, hawaji. Ametuma barua, zimefungiwa karanga. Lakini leo hapa amewaona wazazi wale wale, wamevaa vizuri, wamewahi, wamekaa kimya wakimsikiliza mtu mmoja. "Mi nikisema, wanalala," alisema. "We ukisema, wanajua kwamba kuna kitu wanatoa, na kuna mutu atawauliza."

Basi tukaanza, na kila mwaka tulirudia kwa darasa jipya la tisa. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, mimi mbele kwa ajili ya mbwa, yeye nyuma, na walimu wawili wamebeba kreti. Tulibisha hodi kama wakwe. Niliomba mtoto kwa mwaka mmoja: mchana wake usiwe wa sokoni, wala wa mchanga, wala wa kulea, uwe wa shule mpaka mtihani. Wazazi walishangaa kwanza, halafu damu yao ilikumbuka la kufanya. Wakamtafuta jirani awe msemaji wao. Wakakataa kwa utani, wakaweka masharti, wakauliza nani atateka maji. Mwaka wa tatu wa posa hizo mama mmoja muuza mkaa alisema binti yake ni mvivu, je, tukimchukua tutamrudisha? Direktrisi akanong'ona sikioni mwangu, nami nikasema kwa sauti: huyu hatarudishwa kwa uvivu, hatarudishwa kwa ujinga, akishatolewa ni wetu.

Nilisema hivyo. Na kila nyumba iliyofuata nilirudia, kwa sababu ilipendwa.

Mahari ilikuwa kigoda. Alimtafuta seremala akatengeneza vigoda vidogo vya miguu mitatu, na kila nyumba tuliyoposa tuliacha kimoja. Mtoto pekee ndiye aliyekikalia, na akikikalia hatumwi. Mimi niliona ni mchezo. Lakini nilipita kwenye nyua nikaona baba mzima amekaa chini kwenye mkeka na kigoda kiko kitupu pembeni, kwa sababu ni cha mtoto. Kwa Hamisi kigoda kilikaa gereji, katikati ya matairi, na mafundi wake walikizunguka wakipita na jeki na betri. Hamisi alikuwa mtu wa kelele na dhihaka. Siku nilipompelekea posa, mwaka huo huo wa tatu, alikataa kuweka msemaji, akasema yeye na mimi tumekula sahani moja tangu tukiwa na meno ya maziwa, amlipe nani aseme? "Chukua," aliniambia. "We ukichukua ni kama mi nimechukua."

Kazi nyingine ya Direktrisi ilikuwa ubao. Kila asubuhi kabla ya kengele alizunguka madarasa yote na kitambaa chenye maji, akafuta ubao mwenyewe. Walimu walidhani ni unyenyekevu, wakawa wanamsifu kanisani. Haukuwa unyenyekevu. Alisoma kwanza, ndipo akafuta. Bila kumuuliza mtu alijua jana nani amefundisha nini, nani ameishia katikati, nani ameandika tarehe na kwenda zake. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati, mtu wa kuandika tarehe tu. Ubao wake haukufutwa. Akaja akakuta tarehe ya jana, akaandika ya leo chini yake. Kesho akakuta zote mbili. Ngazi ya tarehe ilishuka mpaka wanafunzi wakaanza kuisoma kwa sauti kama sala. Hakuambiwa neno lolote. Siku moja akaja mapema na kitambaa chake mwenyewe, na tangu siku hiyo alifundisha. Nimesikia baadaye kwamba alikuwa mwalimu mzuri kupindukia.

Direktrisi alipiga marufuku fimbo. Lakini ulimi wake uliacha alama kuliko fimbo, na wapo waliotamani wachapwe yaishe. Hakushika jina la mtoto hata mmoja. Aliwaita kwa biashara za mama zao, we wa maharage, we wa vitenge, na hakukosea hata siku moja. Alikuwa Mkatoliki wa rozari, na mwezi wa Ramadhani aliwahamishia waliofunga madawati ya upande wa kivuli. Mwanawe mwenyewe alisoma shule ya kulipia katikati ya mji. Hilo lilisemwa sana. Siku moja Hamisi alimuuliza mbele ya watu, kwa sauti yake ya gereji, kwa nini wetu wasome huku na wake asome kule. Direktrisi akafikiri, akasema: "Nilimuposa kwa baba yake. Akanikatalia." Watu walicheka mpaka swali likapotea. Mimi nilicheka pia, na nilipofika nyumbani niligundua kwamba sijapata jibu.

Alikuwa na msemo aliourudia kwa walimu, kwa wazazi, hata kwa askari aliyemsimamisha barabarani: "Mutoto hafeli peke yake." Kwake, mtoto akianguka, ameanguka na mwalimu wake, na mama yake, na direktrisi wake, na serikali yake. Niliupenda msemo huo. Niliutumia kwenye posa za kweli, za harusi.

Na shule ikapanda. Mwaka wa kwanza tulitoka mkiani, na wazazi waliobaki mpaka mwisho wa usomaji hawakujua wafanye nini na miguu yao. Mwaka uliofuata tulisomwa katikati. Vijana wa shule nyingine waliacha kutikisa mkono. Mwaka wa tatu ndipo ahadi ya serikali ilipokuja: tukishika pale tulipo au kupanda, tutajengewa madarasa ya sekondari ya juu, ili watoto wetu wasivuke mji mzima kwenda kumaliza masomo, na wasichana wasiishie njiani. Tukishuka, madarasa yatakwenda shule nyingine. Direktrisi alikuja kuniambia habari hiyo mbio mbio, peke yake, bila kujali mbwa wa njiani. Sikuwahi kumwona hivyo.

Kisha akaniita kwake, na chai ikawekwa.

Alisema kuna watoto wachache ambao mtihani utawaangusha hata wakeshe. Kifaransa kimewakataa, hisabati imewakataa. Wakiingia watatuvuta chini wote. Wazazi wa wengine atakwenda kuwaona yeye na walimu. "Lakini baba ya huyu wa gereji," alisema, "mi hatanisikia. We atakusikia."

Nilimkumbusha, na hili ni kweli, sitaki kujipaka matope yasiyo yangu, nilimkumbusha kwamba tulisema hatutarudisha mtu. Alitazama kikombe chake. Akasema ni mwaka mmoja tu. Akasema nifikirie wasichana watakaosoma kwenye madarasa yale miaka na miaka. Nikawafikiria. Walikuwa wengi na Zuhura alikuwa mmoja, na mimi nilikuwa karani wa ghala, niliyezoea kuona gunia moja likitolewa ili rundo lisianguke.

Nilikwenda kwa Hamisi alasiri. Nilivaa koti langu la posa. Alipoona koti alifurahi, akafikiri nimeleta habari ya kijana fulani, akaanza kunitania kwamba binti yake bado yuko kwenye kigoda, aje baadaye. Akaagiza Fanta. Zuhura mwenyewe ndiye aliyeileta, akainama kunisalimu, akaenda kusimama mlangoni, kwa sababu kwenye mambo ya namna hii binti husimama pale.

Nikaanza kusema. Nilisema kuhusu mkulima anayeona mche mmoja hauna nguvu, akauhamishia kivulini, si kwa kuuchukia. Nilisema kuhusu mvua ambayo haina haraka. Nilisema vizuri. Nilisikia mwenyewe kwamba ninasema vizuri, na nadhani hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Hamisi alifungua mdomo, halafu akaufunga, kwa sababu msemaji alikuwa anasema na msemaji hakatwi. Hakuwa na msemaji wake. Hakujua kama atamhitaji. Aliyekuja alikuwa mimi. Nilipomaliza, kimya kilikuwa cha kawaida ya posa, kile kinachohesabiwa kuwa kukubali. Nikakichukua hivyo. Nilisimama nikashukuru kwa niaba ya shule.

Hamisi alisema kitu kimoja tu, tena polepole, bila kelele yake.

"We ulisema harudishwi."

Nilipoinua macho kumtafuta Zuhura mlangoni, hapakuwa na mtu.

Asubuhi nilifungua mlango wangu nikakuta kigoda kizingitini, kimeoshwa, kimepanguswa grisi yote ya gereji. Kwetu posa ikivunjika, mahari hurudi. Sikuhitaji kuelezwa.

Zuhura hakurudia mwaka wa tisa. Walioposwa na kurudishwa, hata kama ni mchezo wa shule, mtaa unawajua. Alianza kwenda Gatumba na wanawake wa nyanya. Maji yalipofurika huko alipoteza bidhaa, akaanza tena. Nikikutana naye ananisalimu vizuri sana, anainama kama siku ile na trei ya Fanta. Ningependa anitukane.

Madarasa yalijengwa. Yapo mpaka leo, yana madirisha ya vyuma na mabati mekundu. Mwaka juzi niliugua malaria, nikaenda zahanati, na muuguzi aliyekuja na sindano akaanza kutabasamu kabla hata hajanigusa. "Muzee," alisema, "si ni we uliniposa?" Alikuwa yule wa muuza mkaa, yule mvivu. Amesoma pale pale mtaani mpaka akamaliza, kwenye madarasa yale. Alinichoma taratibu, akanifunika shuka. Nililala nikitazama dari, sijui kama ninapaswa kufurahi, na kama nikifurahi nimwombe nani ruhusa.

Direktrisi alistaafu, akahamia Ruziba, karibu na ziwa, ana bustani ya mboga. Nilikuwa sijamwona tangu aondoke. Mwaka huu nilikwenda huko kununua ndagala, nikauliza, nikaonyeshwa nyumba. Macho yake yamekwisha sana. Nilipopiga hodi alisema kutoka ndani, "Huyo ni msemaji wangu," kabla sijataja jina. Alifuta meza kwa kitambaa chenye maji ili niwekewe chai, na nikaona kwamba kabla ya kufuta aliinamisha uso karibu na mbao, kana kwamba kuna maandishi.

Tuliongea habari za magoti na mvua. Kisha nikamwambia Hamisi alifariki.

"Nilisikia."

Nikamwambia hakunisemesha tena, tangu siku ile mpaka alipozikwa. Direktrisi alikuwa anaambua maharage, vidole vyake havikusimama.

"Muzee," alisema, "mi nilikutuma we sababu nilifikiri utakataa."

Sikuelewa, nikamwomba arudie. Alisema kwa wale wengine alikwenda mwenyewe na moyo wake ukanyamaza. Kwa huyu mmoja haukunyamaza. Alikuwa amemwona gerejini, kwenye kigoda, anasoma huku nyundo zinagonga pembeni. Akasema moyoni, nimtume rafiki ya baba yake. Rafiki akikataa, mtoto aingie mtihani, madarasa yakienda yaende. "Nilikuwekea chai, nikakungoja ukatae. We ukakunywa, ukasema utaenda."

"Mbona hukunambia, Madamu?"

"Na we mbona hukukataa?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, macho yake meupe yamenielekea. Nikamalizia chai. Nilipoaga alinipa maharage kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani ameshika koti langu, kwa sababu ya mbwa.

Ndani ya basi la kurudi mjini nililigeuza neno lake huku na huku. Kama ni kweli, basi hatima ya Zuhura ilikuwa mkononi mwangu saa ile yote na mimi nilidhani iko mkononi mwake. Kama si kweli, basi mwanamke yule mzee ameutafutia mzigo wake bega jingine, na bega alilolipata ni langu. Zipo siku naamini hili, zipo siku naamini lile. Mtoto hafeli peke yake, alikuwa anasema, na labda hakuwa anasema habari za watoto tu.

Lakini bei ya chai ile naijua. Zuhura hakumaliza shule. Siku ya mazishi ya baba yake ilibidi mtu mmoja asimame awaombe watu msamaha kwa niaba ya marehemu, na mimi niliyemwombea kila mtu mtaani nilisimama nyuma kabisa, nikamsikiliza mtu mwingine akisema. Tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyoniita kusema. Na Hamisi, ambaye tulikula sahani moja tangu utotoni, tuliishi naye mtaa mmoja, tukaswali msikiti mmoja, mara nyingine bega kwa bega, mpaka akafa bila kunijibu salamu. Nilimpoteza rafiki yangu akiwa hai.